Msomi wa Kununuliwa

Sehemu ya Tisa

"Usisaini."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua wapo walionilaani siku saba mfululizo. Basi tulia. Rula bado yuko jukwaani, kalamu inaning'inia juu ya karatasi. Mkono wa Mheshimiwa uko begani mwake kwa ajili ya picha. Na mlangoni mwa ukumbi amesimama baba yake, fundi bomba, ovaroli imelowa hadi magotini, spana mkononi.

Kwa aliyechelewa kutufikia: Rula ni jina la utani. Ni binti wa miaka kumi na saba, mrefu, mgongo umenyooka, na kwa hesabu hajapata mshindani shule nzima. Tangu utotoni amekuwa akibeba mkoba wa vifaa vya baba yake, na anachokitaka ni kimoja tu, kusomea uhandisi wa maji chuo kikuu. Mama yake anafua mashuka hospitalini.

Mheshimiwa ana kiwanda cha vigae, ana maduka ya vigae, ana chuo cha biashara juu ya duka la magodoro, na siku hizi ana huruma. Huruma hiyo inalipia ada, chakula na malazi ya mtoto maskini mwenye akili, ilimradi asome katika chuo chake. Kwingine huruma haifiki.

Mlinzi alimshika fundi mkono.

"Mzee, chakula ni baadaye," Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti.

Ukumbi ukacheka. Ukumbi ulikuwa umeahidiwa soda, kwa hiyo ulicheka kwa bidii.

"Sikuja kula," fundi alisema. "Nimeleta barua ya binti yangu."

Akajitoa mikononi mwa mlinzi, akapita katikati ya viti akiacha nyayo za maji kwenye zulia. Alipofika jukwaani alitoa bahasha kifuani.

"Asubuhi nimeitwa shuleni kwenu," alimwambia Rula. "Sinki la ofisi ya mwalimu mkuu limeziba. Nikafungua kabati la chini, nikakuta katoni ya makaratasi. Nikaitoa isilowe. Hii ilikuwa juu kabisa, ina jina lako."

Rula akaivuta karatasi. Muhuri wa chuo kikuu. Idara ya Uhandisi wa Maji. Umepata nafasi. Thibitisha kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Barua iliandikwa wiki tano nyuma. Na bahasha ilikuwa imeshafunguliwa, taratibu, na mtu mwenye kisu kizuri cha ofisini.

Macho yote yakamgeukia mwalimu mkuu, mstari wa pili, suti yake mpya. Mtu huyu husimama paredi kila Jumatatu na kuwahubiria watoto uaminifu hadi jua linawachoma visogo. Aliinuka polepole.

"Barua nyingi zinapita ofisini," alisema. "Huenda ilichanganyika."

"Ikachanganyika na mabomba?" fundi aliuliza.

Safari hii waliocheka hawakuwa wa soda.

Mheshimiwa hakutikisika. Watu wa aina yake hawatikisiki kwa vitu vidogo kama ukweli. Akambana Rula bega kidogo zaidi, akatabasamia kamera.

"Hongera, binti. Chuo kikuu si mchezo. Sasa nikuulize kwa upole tu. Nani atakulipia?"

Hilo, msomaji, ndilo swali pekee ambalo Mheshimiwa amewahi kulijua maishani, na limemtosha. Kwa swali hilo amemtoa mtoto kwenye udaktari akamweka kwenye mauzo. Mwingine alikuwa aende sheria, leo anapanga vigae kwenye rafu. Na wote walitakiwa waseme asante mbele ya waandishi wa habari.

Mama yake Rula akasimama. Alikuwa mstari wa mbele, amevaa gauni la kuazima, mikono yake imebabuka kwa dawa za kufulia.

"Saini, mwanangu," alisema.

"Mama Rula," fundi alisema, "barua hii hapa."

"Nimeiona. Barua hailipi ada. Utamlipia kwa spana, Baba Rula?"

"Nitatafuta."

"Umetafuta miaka ishirini. Tumepata nini?"

Lilikuwa jambo la kusemwa chumbani, na limesemwa mbele ya watu mia mbili.

Rula aliwatazama wazazi wake, kisha akakitazama kipaza sauti. Akakivuta.

"Naomba niusome mkataba kwanza."

Mratibu wa ufadhili, dada mmoja mwenye sketi iliyopigwa pasi hadi ikakata, alisogea haraka. "Ni maneno ya kawaida tu, mdogo wangu."

"Basi yakisikika hayatamdhuru mtu," Rula alisema, akaanza kusoma.

Kwamba mwanafunzi atasoma Stashahada ya Mauzo na Huduma kwa Wateja. Kwamba hatabadilisha kozi. Kwamba akimaliza atafanya kazi miaka mitano katika maduka ya mfadhili, kwa mshahara atakaoupanga mfadhili. Kwamba picha yake itatumika kwenye matangazo ya chuo. Kwamba akijitoa, mzazi atarudisha mara mbili ya gharama zote zilizotumika kwa ajili yake.

Ukumbi ulianza kunong'ona. Mwandishi mmoja wa gazeti, ambaye hadi wakati huo alikuwa anaangalia soda, alifungua daftari.

Mheshimiwa aliliona daftari.

Hapo ndipo utajua kwa nini watu kama hawa hawafilisiki. Alimnyang'anya Rula kipaza sauti, akaweka mkono kifuani, na sauti ikawa na machozi.

"Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa maskini. Natamka hapa mbele yenu. Kama binti huyu anataka chuo kikuu, nitamlipia chuo kikuu. Kama anataka maji, nitamlipia maji."

Mikono ikapigwa. Mama akakaa chini akalia. Wale wale walioguna dakika moja nyuma sasa walikuwa wamesimama wakishangilia, na mmoja akamkumbatia jirani yake asiyemjua.

Fundi peke yake hakupiga makofi.

"Aandike," alisema.

"Neno langu ni mkataba, mzee," Mheshimiwa alijibu, na kamera zikawaka.

Katika vurugu hiyo, mwalimu mkuu alitoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyemjali.

*

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba kidogo, viti vya plastiki vimepandana hadi darini, maboksi ya fulana zenye uso wa Mheshimiwa yamejaa ukutani. Walimsubiri wote watatu, baba, mama na binti. Robo saa ikapita. Akaingia mratibu peke yake na faili.

"Mheshimiwa ameondoka. Ana mkutano."

"Na alichotuahidi?" fundi aliuliza.

"Ya jukwaani ni ya jukwaani, baba yangu." Akafungua faili. Mkataba ulikuwa ule ule, mauzo na huduma kwa wateja, herufi haikuongezwa.

"Sisaini," Rula alisema.

Mratibu alivuta kiti, akakaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mtu aliyechoka.

"Mdogo wangu, unajua mimi nilikuwa nani? Msomi wa kwanza wa ufadhili huu. Nilikuwa wa kwanza kwa biolojia na kemia, nilikuwa na nafasi ya udaktari. Nikaulizwa nani atanilipia. Nikasoma mauzo. Sasa nawauza nyinyi."

"Kwa hiyo unajua," Rula alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usijisumbue kukataa. Sahihi ya kule jukwaani ilikuwa ya picha tu. Wewe una miaka kumi na saba, sahihi inayohesabika ni ya mzazi." Akageuza ukurasa. "Na hiyo tunayo tangu Alhamisi."

Chini ya karatasi kulikuwa na mwandiko ambao Rula aliujua kuliko wake mwenyewe.

Fundi aliutazama mara mbili. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Rula."

Mama hakukana. "Walikuja ukiwa kazini. Huyu na mwalimu mkuu. Mwalimu alinionyesha ile barua."

"Ulijua kwamba kapata?"

"Nilijua."

Rula hakulia. Alibaki amenyooka vile vile, midomo tu ndiyo iliyopoteza rangi.

"Mdogo wangu wa kiume alipata chuo kikuu hicho hicho," mama alisema, akimtazama binti na si mume. "Tuliuza kiwanja cha marehemu baba. Mwaka wa pili wakamfukuza kwa ada. Alirudi na begi moja, akakaa mwezi mzima hasemi na mtu, kisha akaondoka. Hadi leo hatujui kama yuko hai. Sikutaka nikuone ukirudi na begi."

"Ungeniuliza, mama."

"Ungekubali?"

"Ningekataa. Ndiyo maana ungeniuliza."

Mama alifumba macho. Fundi akaichomeka spana mfukoni mwa ovaroli.

Mratibu alikohoa. "Kuna karatasi ya pili."

Ilikuwa nakala ya barua kwenda chuo kikuu. Mimi mzazi wa aliyetajwa hapo juu ninamwondoa mwanangu katika nafasi aliyopewa. Sahihi ile ile.

"Hii sikuisoma," mama alisema. "Mwalimu alisema ni ya kumbukumbu za shule."

"Halisi anayo yeye," mratibu alisema. "Alisema ataipeleka leo kwa mkono wake."

"Kwa nini aipeleke yeye?" Rula aliuliza. "Inamhusu nini?"

"Muulize yeye. Mimi nalipwa kukusanya sahihi." Mratibu alifunga faili, akainuka, akafika mlangoni. Akasita. "Barua ya kujitoa inaweza kufutwa na aliyeisaini, kama haijagongwa muhuri. Dirisha la udahili linafunguliwa saa nane baada ya chakula. Na mimi sijasema kitu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu.

Kutoka ukumbini hadi chuo kikuu ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Mwalimu mkuu ana gari. Rula alikuwa wa kwanza kutoka, baba nyuma yake. Walipofika barabarani walisikia hatua, wakageuka. Mama alikuwa amevua viatu vya kuazima, amevishika mkononi, anakimbia juu ya lami ya mchana na gauni la watu.

"Nilisaini mimi," alisema alipowafikia. "Nitafuta mimi."

*

Gari huwahi kufika, lakini foleni haina habari na gari. Walipoingia katika ukumbi wa udahili, saa nane na dakika kumi, mwalimu mkuu alikuwa ndiyo kwanza anafika dirishani. Mgongo wake ulikuwa kwao. Walisimama nyuma yake, hatua moja, wakihema.

Ndani ya kioo alikaa karani mwenye miwani minene, mtu wa taratibu, kila karatasi aliinusa kwanza.

"Barua ya kujitoa nimeiona," karani alikuwa anasema. "Barua halisi ya nafasi iko wapi? Bila kuambatanisha halisi siwezi kugonga muhuri."

Msomaji, sasa unajua kwa nini bahasha ile haikuchomwa moto siku ya kwanza. Ilikuwa inahitajika.

"Imeharibika," mwalimu mkuu alisema kwa huzuni ya kisomi. "Tuliita fundi bomba ofisini, mmoja wa hawa wa mitaani. Amepasua bomba, maji yakajaa kabati zima. Barua imekuwa uji."

"Bomba gani nililipasua, mwalimu?"

Mwalimu mkuu hakugeuka mara moja. Shingo yake iligeuka kwanza, kisha macho, kisha mwili ukafuata kwa shingo upande.

Rula alipita kando yake, akaiingiza barua chini ya kioo. Karani aliinyanyua kwenye mwanga, akaipapasa kona zote.

"Imekauka vizuri sana," alisema. "Nyinyi ndio nani?"

"Mimi ndiye mwenye barua. Huyu ni mama yangu, ndiye aliyesaini kujitoa. Amekuja kuifuta."

"Nafuta," mama alisema. "Nilidanganywa."

Karani alichukua barua ya kujitoa, akaipasua katikati kwa utulivu wa mtu anayepasua karatasi hamsini kwa siku. "Basi nafasi haijaachwa. Mwalimu, samahani, binti yako aendelee kusubiri kwenye orodha ya akiba. Bado ni wa kwanza."

Binti yako.

Rula aligeuka. Kwenye benchi la ukutani alikaa binti wa mwalimu mkuu, aliyesoma naye darasa moja miaka minne, simu mkononi, amevaa sare ya kituo cha masomo ya ziada ambayo baba yake analipia. Mtoto huyu hajawahi kuulizwa nani atamlipia. Ndiyo maana baba yake alihitaji tu mtu mmoja apelekwe kwingine, na huruma ya Mheshimiwa ikafanya kazi hiyo bure. Mmoja angepata sura ya tangazo la chuo chake, mwingine angepata nafasi ya mwanawe, na wote wawili wangeitwa wafadhili wa elimu.

Binti aliinuka. "Baba, ulisema Rula amekataa nafasi."

"Kaa chini."

"Ulisema amependa mauzo."

"Nimesema kaa."

Hakukaa. Alimtazama Rula. Akatoka nje ya ukumbi bila kumngoja baba yake.

Mwalimu mkuu alipoona hana cha kupoteza, uungwana ukamdondoka. "Vizuri. Thibitisheni. Lakini mkataba wa ufadhili mmeuvunja, na mtamlipa Mheshimiwa mara mbili. Mtamlipa nini, mabomba?"

"Mara mbili ya gharama zilizotumika," Rula alisema. "Niliusoma kwa sauti, mwalimu, ulikuwepo. Hadi leo ametumia nini kwa ajili yangu? Soda sikunywa. Mara mbili ya sifuri ni sifuri. Ulinifundisha wewe, kidato cha kwanza."

Kuna mtu kwenye foleni alicheka, kisha foleni nzima. Mwalimu mkuu akachukua mkoba wake akaondoka, simu sikioni, na suti mpya ikaonekana imempwaya.

Fundi alimshika bintiye bega, bila kamera.

Lakini karani hakucheka. Alikuwa ameshavuta fomu nyingine.

"Haya ya mwalimu yamekwisha, sasa yanabaki ya chuo. Fomu ya kuthibitisha inauliza nani analipa. Nyinyi hamna mfadhili?"

"Hatuna," fundi alisema.

"Uko mkopo wa ada. Watoto wengi wa hapa wanasomea huo, wanalipa wakipata kazi. Ila una sharti moja. Mzazi mmoja awe na ajira ya mshahara, na alete barua ya mwajiri. Kazi ya kujitegemea haikubaliki. Mnayo?"

Fundi aliangalia spana yake. Miaka ishirini ya mabomba ya watu, na hakuna hata karatasi moja.

"Mimi ninayo," mama alisema. "Hospitali. Idara ya kufulia, miaka kumi na minne, sijawahi kuchelewa."

Karani alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi mama, umemwokoa. Jaza hapa, na barua ya mwajiri niione kabla ya Ijumaa saa tisa. Ikikosekana, nafasi inakwenda kwa wa akiba."

Rula alimtazama mama yake. Hasira ya kule chumbani ilikuwa haijaisha, lakini kitu kililegea usoni. Akamsogezea fomu.

Simu ya mama ikalia.

Akaipokea akiwa amesimama palepale dirishani. Alikuwa msimamizi wake wa idara, mwanamke mwenzake, na sauti ilikuwa ya chini sana, ya mtu anayezungumza amejificha nyuma ya mlango.

"Dada, sijui umefanya nini huko. Mheshimiwa amepiga simu sasa hivi. Unajua ndiye mwenyekiti wa bodi ya hospitali. Amesema kesho usije. Wala keshokutwa. Vitu vyako watakuwekea getini. Nisamehe, nina watoto."

Simu ikakatika.

Mama aliirudisha mkobani. Akafunga zipu. Akavivaa tena vile viatu vya kuazima, kimoja kimoja, bila haraka.

"Nani?" Rula aliuliza.

"Kazini," mama alisema. "Wamenipa likizo."

Akavuta fomu, na kwenye nafasi ya mwajiri akaandika jina la hospitali, herufi kwa herufi, mwandiko haukutetemeka. Kisha akamuuliza karani asaini wapi.